Karatasi za Ndani ya Blanketi

Hapana, mlango sikufungua mimi. Ulikuwa wazi tayari, vile huuacha nikishona ndio mwangaza uingie. Na ilikuwa saa kumi ya mchana, watoto wa shule wanapiga makelele kwa ngazi, kwa hivyo hayo mambo ya "Susu aliota", ati nyanya amezeeka, uyaweke pembeni. Pombe sionji. Uzi napitisha kwa sindano bila miwani. Cheka, lakini ukimaliza unisikilize, kwa sababu hii kitu ilinipata hapa hapa mtaani Mowlem, kwa hii nyumba, na si mimi peke yangu niliona.

Ilianzia soko la Gikomba. Mimi unajua hununua fagia, yale mabaki ya mitumba yenye hakuna mtu anataka, nayashonashona, nauza. Siku hiyo mwenye beli ananiitia na ile sauti yao ya puani: "Mamaa, mamaa! Ya Amerika hiyo! Ukijifunika hii utalala mlango wazi!" Ilikuwa blanketi ya viraka, imeoza pembeni, nzito kama kuna mtu amelala ndani. Nikaifinya. Ikalia kwachakwacha, kama karatasi.

Sasa wewe, ukisikia karatasi ndani ya nguo imetoka Amerika, unafikiria nini? Si dola? Kila mama wa Gikomba hupapasa mifuko ya koti kabla aseme bei. Nikabeba haraka kabla mwenyewe afinye.

Nyumbani nikafumua yote. Nyuma ya kila kiraka kulikuwa na karatasi, imekatwa sawa na kiraka, imeshonewa hapo ndio kitambaa kikae wima. Dola hakuna hata moja. Ni maandishi tu, membamba, yameinama kama nyasi imepigwa na upepo. Na mimi shule sikuenda hata siku moja. Nikazitupa kwa kopo kando ya jiko. Karatasi kavu hivyo huwasha makaa vizuri, niamini. Kila asubuhi nawasha nazo, mjukuu wangu Mwende ananiangalia akipiga viatu rangi aende kazini. Yeye ni karani wa ofisi fulani huko mjini. Hakuuliza, na mimi sikumwambia asome.

Basi, hiyo saa kumi, naona kivuli kwa cherehani. Mama amesimama mlangoni. Gauni mpaka chini, kofia ya kitambaa imefungwa kwa kidevu, uso umechomwa na jua mpaka umekauka. Mzungu. Nilishtuka? Wapi! Huku kila wiki kuna kanisa jipya na kofia yake. Nikamwambia, "Karibu mtumishi, lakini sadaka leo hakuna." Hakucheka. Watu wote hucheka.

Hapo ndio niliangalia chini. Mvua ilikuwa imenyesha, tope yetu nyeusi ya huku inamvua mtu kiatu. Yeye gauni lake lilikuwa na vumbi. Vumbi nyeupe, kavu, mpaka kwa magoti. Alitembea wapi huyu?

Lakini mgeni ni mgeni. Kwetu Ukambani hauulizi mtu shida yake kabla ya chai. Hilo ndilo kosa langu lote, hakuna lingine. Nikamwekea stuli, nikamwaga makaa kwa jiko, nikachukua zile karatasi zilizobaki, nikazikunjakunja, nikawasha. Akanyoosha mikono akaota moto. Nilimwona akifumba macho, anasikia raha.

Alipomaliza kikombe ndio akaongea. Aliongea Kiingereza, Mwende ni shahidi. Lakini masikio yangu yalipokea Kikamba, tena kile cha mama yangu cha zamani. Usiniulize ni vipi.

"Hiyo blanketi kaa nayo," akasema. "Mimi nimekuja kuchukua karatasi."

"Karatasi gani, mama?"

Akaniambia. Ati bwana yake alikuwa askari, na walitoka kwao na gari la ng'ombe, limefunikwa turubai, miezi na miezi kuelekea jua linakozama, kutafuta shamba. Mimi na mdomo wangu, nikauliza, "Shamba la nani?"

"Tuliambiwa halina mwenyewe."

"Hata babu yangu aliambiwa hivyo," nikamwambia, "na watu wa kofia kama yako. Na yeye alikuwa amesimama ndani akilima."

Hapo akaniangalia vizuri. "Hata sisi tuliwakuta wenyewe wamesimama," akasema, polepole. Halafu akaendelea.

Njiani mtoto wake akashikwa na homa. Msichana, hajafika miaka miwili. Wakamzika katikati ya barabara, unasikia? Katikati. Halafu magari yote yakapita juu, ng'ombe wakakanyaga, ndio mbwa mwitu wasijue pa kufukua. Na mama mtu naye asijue tena. Bwana aliandika barua ndefu ya kuonyesha mahali. Mto gani, jiwe gani, hatua ngapi. Akaenda kupigana na wale wenye ardhi, akalala huko.

"Mimi sijui kusoma," akasema. "Barua nilijua nitapoteza. Blanketi sitapoteza. Nikaikata barua, nikaishona ndani."

"Na hukutafuta mtu akusomee?"

"Nilisema nitasomewa siku nikiwa na nguvu ya kurudi. Nikafa kabla ya hiyo siku."

Alisema hivyo tu, kama mtu anakuambia alichelewa kanisani. Mimi nikaweka kikombe chini. Ningesema ukweli hapo, ingeisha. Lakini ungekuwa wewe, ungesema? Moto wenyewe bado unawaka katikati yetu, na ameuota! Nikamdanganya. "Ziko," nikasema. "Mjukuu wangu amesoma. Ngoja atoke kazini."

Akangoja. Mimi nikahangaika humu ndani, napanguza meza, naangalia kopo kana kwamba zitarudi. Nikapiga magoti chini ya cherehani, nikapata moja. Moja tu, ilikuwa imeanguka. Nikaishika kama Biblia.

Mwende akaingia, na ile sauti yake laini ya ofisi: "Susu, habari ya jioni? Oh, tuko na mgeni!" Akamsalimia mkono. Baadaye aliniambia ulikuwa mkavu kama mkate wa juzi. Nikampa karatasi. "Msomee huyu mama."

Akasoma kwanza Kiingereza, halafu akanitafsiria kwa Kiswahili: "Kutoka kwa jiwe lenye ufa, hesabu hatua arobaini kuelekea..."

Mgeni akasimama. "Kuelekea wapi?"

Mwende akageuza upande wa pili.

Ngoja kwanza. Nikuambie vile niko sasa, kwa sababu huo mwisho siupendi. Tangu hiyo siku saa kumi sikai. Natembea mlango na dirisha, mlango na dirisha, mpaka majirani wa chini wananigongea na ufagio. Kila Alhamisi niko Gikomba nafinya mablanketi ya watu, wananifukuza. Na wewe unajua mimi huiga kila mtu, pasta, landilodi, hata mbwa wa landilodi. Yule mama nilijaribu kumuiga mara moja. Mdomo ulijaa vumbi. Vumbi, nakuapia, nikatema nyeupe kwa karai. Kwa hivyo nakuambia, usichome maandishi hujui yanasema nini, hata kama ni ya kufungia mkate. Mpe mtu asome. Mimi sasa Mwende hunisomea mpaka pakiti ya chumvi.

Haya. Mwende akageuza, nyuma hakuna kitu. Nikamkonyeza, nikamfinya kiuno, hakuelewa. Akamrudishia yule mama karatasi na heshima zote, na ile sauti ya kuambia mteja wa ofisi:

"Pole mama, imeishia hapo. Hizo zingine Susu aliwashia jiko."