Siku Karani wa Majani Alipokagua Chuo

Ukitaka kumjua Janeffer, usimuulize Janeffer mwenyewe. Atakwambia yeye ni karani tu wa majani chai. Muulize mama mkwe wake. Miaka tisa iliyopita mama huyo, Bibi Chepchumba ambaye wote humwita Kogo, yaani nyanya, alifika na kikapu chake kwenye kituo cha kununulia majani karibu na Sosiot, akakitua mezani kwa tabasamu la mtu aliyefika kwake. Juu kulikuwa na majani ya kupendeza, mawili na kichipukizi chake, kama yalivyotakiwa. Janeffer akamwamkia kwa heshima zote, kisha akazamisha mkono mpaka kwapani, akatoka na konzi ya vijiti na majani makuukuu.

"Kogo, hii siwezi kupima," akasema. "Kaa pale uchambue, halafu urudi kwa foleni."

Foleni nzima iligeuka kutazama. Mke wa mwana kumkataa mama mkwe hadharani! Kogo alikaa juu ya gunia, akachambua huku akinung'unika, akarudi nyuma ya watu wote, akapimiwa kilichobaki, na mwezi mzima hakukanyaga kwa Janeffer. Mwezi ulipokwisha alikuja mwenyewe na kibuyu cha mursik, maziwa ya kuganda, wakanywa, wakacheka mpaka machozi yakawatoka. Tangu hapo hakuna mkulima aliyejaribu kufunika vijiti. Kama Kogo hakuponea, wewe utaponea wapi?

Sasa, mwanamke kama huyo ukimpa kazi ya kuamua chuo cha mtoto, unajua atakavyoifanya.

Mtoto mwenyewe ni Chemutai, kitinda mimba, miaka kumi na minane. Kaka zake wawili wameoa na kuhamia mbali, na baba yao alifariki miaka sita iliyopita, kwa hiyo nyumbani wamebaki wawili tu, pamoja na ng'ombe anayeitwa Malkia ambaye ana kiburi cha jina lake. Matokeo ya mtihani yalipotoka, Chemutai aliitwa chuo kikuu kimoja cha Nairobi kusomea takwimu, somo ambalo hakuwahi kuliota hata siku moja. Lakini alikuwa pia na barua ya pili, ambayo aliitafuta mwenyewe bila kumwambia mtu: nafasi katika chuo kidogo cha maziwa, njia ya Kipkelion, chenye wanafunzi mia moja na kumi na wawili. Alitakiwa athibitishe nafasi moja kabla ya Ijumaa jioni. Akiiacha nyingine, imekwenda.

Kwamba Chemutai anapenda maziwa, hilo halikuwa siri. Akiwa na miaka kumi alishajua kusafisha kibuyu kwa mkaa kuliko shangazi zake. Mwaka jana alijaribu kutengeneza yoghurt kwenye chupa za soda, na chupa moja ikalipuka chini ya kitanda katikati ya maombi ya jumuiya. Mchungaji alisema "Bwana asifiwe" kabla hajajua ni nini.

"Mama Chemutai, usikubali," alisema Kinuthia, mwenye duka la mabati na misumari, ambaye pia ana shamba dogo la chai na hukosa kazi ya kufanya akiwa kwenye foleni. "University ni university. Huwezi kuacha Nairobi uende mahali wanafunzi wote wanaenea kwa kanisa moja. Watu mia moja! Hiyo ni chuo ama ni harusi?"

Watu walicheka. Janeffer pia alicheka, lakini maneno yalimwingia. Usiku na mchana alijiuliza: je, akimruhusu mtoto aende kwenye kile chuo kidogo, baada ya miaka kumi hatamlaumu? Na akimsukuma Nairobi, hatakuwa amemsukuma kwenye maisha ya mtu mwingine?

Chuo kile kilikuwa kimealika wazazi siku ya Jumamosi, siku sita kabla ya ile Ijumaa. Kungekuwa na mahema, kwaya na keki. Janeffer alikataa kwenda.

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," alisema. "Jumamosi wataniwekea majani ya juu. Mimi nataka ya chini. Tutaenda Jumanne, bila kuambia mtu."

"Mama, na kama itanyesha?"

"Ikinyesha ndio vizuri."

Na ilinyesha. Jumanne hiyo Janeffer alimwachia Naftaly, karani mwenzake, mizani yake, akavaa gambuti na koti la kanisani, akaongozana na binti yake. Walipofika hawakwenda ofisini. Janeffer alianza na bawabu, mzee wa makamo aliyeitwa Ogada, akamuuliza ni walimu wangapi walioingia asubuhi hiyo na saa ngapi. Ogada aliwataja mmoja mmoja, akaongeza kwamba mmoja huchelewa kila Jumanne kwa sababu ya daktari wa meno. Kutoka hapo wakaenda jikoni, ambako Janeffer aliomba kuona sufuria ya maharagwe akaonja kijiko kimoja. Baadaye alienda kuangalia vyoo. Chemutai alijificha nyuma ya ukuta kwa aibu.

"Mama, watatufukuza."

"Wafukuze. Tutakuwa tumejua."

Nyuma kabisa, kwenye chumba cha kusindika, walimkuta mwanamke mmoja mfupi amekunja mikono ya ovaroli, anaosha mikebe ya maziwa. Alimtazama Chemutai mara moja tu.

"Wewe msichana, umesimama bure. Shika hiyo mpira ya maji. Weka juu kidogo. Hapo."

Chemutai alishika. Mwanamke yule alidhani ni mwanafunzi mpya, akaanza kumfundisha hapo hapo: mkebe ukioshwa na maji ya moto kwanza, maziwa yatagandia kwenye chuma, kwa hiyo anza na ya vuguvugu. Kwa nini jibini hili limevimba? Nusa. Na hili? Chemutai alinusa, akajibu, akakosea, akanusa tena. Ilipita karibu saa nzima. Janeffer alikaa juu ya kreti iliyopinduliwa, akimtazama binti yake akifanya kazi na mashavu yakiwa yamelowa mvuke, na hakukumbuka lini mara ya mwisho alimwona akiuliza maswali mengi hivyo.

Ilipojulikana kwamba wao ni wageni, yule mwanamke alicheka kwa sauti. Alikuwa Madam Nyagaka, mkuu wa idara nzima, na idara nzima ilikuwa na walimu wanne.

"Na ile mashine kubwa pale?" Janeffer aliuliza, akionyesha chombo kilichofunikwa turubai.

"Imekufa tangu Machi," Nyagaka akasema bila kupepesa macho. "Tunangoja spea. Saa hii tunachemsha kwa sufuria, na wanafunzi wanalalamika, na wana haki."

Janeffer alimpenda papo hapo. Mkulima anayekuonyesha vijiti vyake mwenyewe ni wa kuaminika. Moyoni alishapitisha chuo: kidogo, ndiyo, na mashine imekufa, lakini mpaka chini ni kitu kimoja. Alikuwa tayari kwenda kumwambia Kinuthia kwamba ndiyo, ni harusi, na chakula ni kizuri.

Walipokuwa wakiaga, Nyagaka akamuuliza Chemutai, "Ukija utakaa bweni?"

"Hapana, Madam. Nitakuwa narudi nyumbani kila siku." Lilimtoka haraka, kama jambo lililokwisha kupangwa. "Nimeuliza. Nikiamka saa tisa na nusu nitakamua, niwashe moto, nipate gari ya kwanza. Jioni nitafika saa mbili. Mama hatakula peke yake."

Nyagaka alimtazama Janeffer tu.

Tusimsingizie Janeffer utakatifu. Kitu cha kwanza alichosikia kilikuwa furaha, furaha kubwa, ya mwili mzima. Hatakula peke yake! Miezi mitatu alikuwa akiliogopa lile jikoni la jioni, yeye na mlio wa saa ya ukutani, na hakumwambia mtu. Sasa mtoto amelitatua bila kuombwa. Alitembea mpaka barabarani akiwa mwepesi kabisa.

Furaha ile haikufika Kericho mjini. Mkono wake uliozoea kazi ulikuwa umekwisha kugusa kijiti. Magari mawili kwenda, mawili kurudi, kwa miaka yote miwili ya masomo, ili mama asile peke yake. Je, mtoto alikitafuta kile chuo kwa sababu ya maziwa, au kwa sababu ya mama? Na yeye mwenyewe, karani mkali, alikipitisha kwa sababu gani?

Jioni hiyo, Chemutai akiwa ameinama chini ya Malkia anakamua, Janeffer alisimama mlangoni mwa zizi.

"Nimekikataa."

"Chuo?" Chemutai aliacha kukamua. "Mama! Si nimekuona umeipenda? Si umekula hata maharagwe yao?"

"Chuo ni kizuri. Kikapu chako ndicho kina vijiti. Umenichanganya mimi na majani."

"Kwani kukujali ni makosa?"

"Si makosa. Lakini haipimwi pamoja. Nenda uchambue. Nitoe mimi. Mtoe Malkia, mtoe Kogo, toa hata Kinuthia na university yake. Ukibaki na kitu, niletee. Nikiona ni Nairobi imebaki, nitakufungia sanduku mimi mwenyewe. Ukibaki bila kitu, pia uniambie."

Malkia alipiga ndoo teke, maziwa yakamwagika nusu, na siku mbili zilizofuata nyumba ile ilikuwa na maneno machache sana: ugali uko tayari, mvua inakuja, funga mlango.

Alhamisi kituoni Janeffer alipitisha kikapu cha mzee Johana bila hata kuzamisha mkono. Johana mwenyewe alishtuka. Alirudi na kikapu mezani akauliza kama mama karani ni mgonjwa, maana anajua kabisa kulikuwa na vijiti pale chini. Janeffer alimwambia basi akachambue, na watu wakapumua kuona bado yuko hai. Hawakujua kwamba tangu asubuhi alikuwa akijiuliza kama mtoto akitaka Nairobi yeye ataweza kutabasamu stendi, na mtoto akikosa cha kutaka itakuwaje.

Ijumaa saa saba mchana foleni ilikuwa ndefu. Kogo alikuwa wa tatu kutoka mbele, Kinuthia nyuma yake. Nyuma ya Kinuthia, na kikapu mgongoni, alikuwa Chemutai. Asubuhi alikuwa ameamka mapema akaenda kuchuna peke yake, na Janeffer hakumuuliza.

Zamu yake ilipofika alikitua kikapu mezani.

"Karani, nimeleta," akasema. "Na ile nyingine pia nimechambua."

Watu wakasogea. Kinuthia alisahau kufunga mdomo.

"Sitaki takwimu. Hiyo nilijua hata kabla ya barua. Jana nilienda kwa Kogo nikakaa na vibuyu vyake, nikajiuliza: kama mama angekuwa na watu kumi nyumbani, ningetaka nini? Nikaona bado ningetaka kujua kwa nini jibini inavimba. Nimethibitisha kile chuo kidogo leo asubuhi kwa simu. Lakini nimeomba bweni. Nitakuwa nakuja mwisho wa mwezi."

"Mwisho wa mwezi," Janeffer akarudia.

"Jioni Madam Nyagaka hufungua maabara kwa wale wako bweni. Nikiwa narudi kila siku, nitakosa hiyo yote."

Kinuthia akakohoa. "Lakini university..."

"Kinuthia, nyamaza," akasema Kogo, "mtoto anapimiwa." Kisha akamgeukia Janeffer, akaiweka sawa leso yake. "Na mimi nahamia kwako Jumapili. Msichana ameniomba. Nimekubali, lakini usije ukaingiza mkono kwa ugali yangu."

Kicheko kilipasuka mpaka kwa dereva wa lori la kubebea majani. Janeffer naye alicheka, huku machozi yakimtiririka wazi mbele ya wakulima aliowatesa miaka yote hiyo, na hakuna aliyemcheka kwa hilo.

Halafu alifanya kazi yake. Alikunja mkono wa sweta, akauzamisha katika kikapu cha binti yake mpaka kwapani. Alipekua taratibu, kushoto, kulia, chini kabisa kwenye fito, kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kupekua kikapu cha mtu yeyote, hata cha mama mkwe. Angepata kijiti kimoja tu, hata kidogo, angekuwa na sababu ya kumrudisha nyuma ya foleni.

Hakukuwa na kijiti. Aliutoa mkono, akakinyanyua kikapu, akakitundika kwenye mizani.