Moshi Bila Sigara

Sigara zilipopigwa marufuku katika wodi zetu za wagonjwa wa akili, Musoma, wanaume wa upande wa pili waligoma kunywa uji. "Akili mmeshachukua, mnataka na sigara?" mmoja alimuuliza nesi kupitia dirisha. Mimi nilifurahi. Moshi hunichefua, na isitoshe nilikuwa nakaribia kurudi kwetu Butiama. Daktari alisema nikimaliza wiki bila kuona vitu visivyokuwepo, ananiruhusu.

Ndipo nikaanza kuona moshi.

Ulitoka puani kwa bibi wa kitanda cha jirani, mchana kweupe. Midomo kaifumba, mikono imetulia mapajani, na sigara haipo. Alikuwa akitazama ukuta. Moshi ulipanda taratibu, ukapotea, kisha ukaja mwingine. Maruweruwe yangu huanza hivyohivyo, kwa upole.

Kama mjinga nilimwambia nesi. Alipekua godoro la bibi, mifuko, hata kilemba, asipate kitu. Nikasema basi hata harufu naisikia.

"Hizo ni kuni za jikoni," alinijibu, kwa sauti ile ya kubembelezea watoto. Naichukia sauti ile mpaka leo.

Daktari alipopita kutukagua aliniuliza kama bado naona moshi. Nilimtazama bibi. Pua zake zilikuwa zinafuka palepale, nyuma ya mgongo wa daktari.

"Naona," nikasema. "Nadhani bado naumwa."

Akamwambia nesi waniongeze dawa, ruhusa isubiri. Nilitikisa kichwa kukubali.

Bibi akakohoa. Akaingiza vidole mdomoni, akatoa kipande kifupi cha sigara, upande wa moto ukiwa umeelekea kooni.

"Muache huyu aende kwao, daktari," alisema. "Macho yake mazima. Sisi tunaoanikaga dagaa huko ziwani tunavutaga hivi, moto ndani, upepo usizime."

Nesi aliomba afungue mdomo. Kaakaa lilikuwa jeusi kama chungu. Wakamnyang'anya sigara zote alizokuwa amezificha, na kuanzia hapo bibi hakusema tena na mtu.

Ruhusa nilipewa siku ileile. Kaka yangu alipokuja kunichukua alinikuta nalia, akadhani ni furaha. Sikumsahihisha. Ningemwambiaje kwamba kabla bibi hajafungua mdomo, nilikuwa nimeshakubali kwamba mimi ni mwendawazimu?