Siku Sitavro Alipokataa Kuonja

Siku ile tulikuwa tunakamua ndizi. Kasiksi, pombe ya ndizi ya kwetu Kivu, haitaki haraka, na mimi na kaka yangu Mugisho tulikuwa tumeinama tangu asubuhi, mikono ikinata hadi viwikoni. Shangazi yetu alikaa pembeni akitukosoa: majani ni mengi mno, maji ni machache mno, mikono yetu ni ya watu wavivu. Mama alicheka akamwambia aje akamue yeye. Ndipo Sitavro, mtoto wa Shangazi, akapanda kutoka barabarani ameshika kipande cha seng'enge.

"Bale batu ba makaratasi bameshafika ku mutoni," alisema. "Banasimamisha miti ya seng'enge."

Watu wa makaratasi walikuwa wamenunua vilima vyetu mjini, kutoka kwa watu ambao hawakuwa na kilima cha kuuza. Walitaka malisho ya ng'ombe. Humo humo sisi tulikuwa na mihogo yetu na makaburi yetu.

Lazima niwaeleze Sitavro ni nani, maana bila hilo hamtaelewa ujinga wetu. Baba yake alikuwa Mgiriki mwenye duka, aliyefunga duka na kuondoka kabla mtoto hajaota meno. Alimwachia jina na pua. Babu yetu akamlea kama mwanawe wa kumzaa, lakini kwetu ardhi hufuata baba, na mtoto wa binti hana hata mtaro wa kuuita wake. Basi alipoanza kukusanya vijana ili miti ile ing'olewe, watu walimwita chef, yaani mkuu, akiwepo, na metisi, yaani chotara, akiondoka. Waliulizana: mtu asiye na shamba anapigania shamba la nani? Mimi pia niliuliza. Nilimpenda binamu yangu na nilimshuku, na mambo hayo mawili yalikaa kifuani mwangu bila kugombana.

Tuliing'oa miti mchana kweupe, mbele ya watu wa makaratasi wenyewe. Tuliimba tukiwa tunarudi.

Wale watu walirudi na wanajeshi.

Walichoma ghala kwanza. Kisha kanisa. Kisha nyumba yetu.

Mama hakutoka.

Bernadeta, mke wa Sitavro, alimvusha Shangazi ziwa pamoja na wazee wengine. Mimi nilikataa kuvuka. Nilipanda mgongo wa mlima pamoja na wanaume, nikawa mpishi wao. Mgongo ule ulikuwa na njia moja tu na chemchemi moja, na aliyeushika alikuwa ameshika maji ya bonde zima. Tuliushika miezi miwili kwa bunduki chache na mapanga. Sitavro alilala mlangoni mwa njia, akala wa mwisho. Hata hilo nililitilia shaka: anakula wa mwisho kwa nini, anajua nini kuhusu chungu changu?

Msinicheke. Kwetu kuna sumu ya polepole tunayoiita karuho. Unapewa leo, unazikwa baada ya miezi. Ndiyo maana anayeleta pombe huionja kwanza mbele ya watakaokunywa. Baba humwonjea mwanawe, na padri humwonjea askofu. Asiyeonja amesema jambo, hata kama amefunga mdomo.

Mwezi wa pili ulipokuwa unaisha, watu wa makaratasi waliomba mazungumzo darajani. Sitavro alishuka peke yake, maana walisema aje peke yake. Aliwaahidi wanaume kwamba angerudi na kasiksi, kwa kuwa walikuwa wamechoka na wanahitaji kitu cha kuwachangamsha.

Alirudi alasiri na bidoni, dumu la kasiksi, begani. Macho yake yalikuwa mekundu. Alijaza kibuyu, akampa Mugisho.

Hakuonja.

"Onja kwanza, ndugu," Mugisho alisema.

"Leo hapana."

"Juu ya nini?"

"Nimesema leo hapana. Mukunywe nyinyi."

Hakuna aliyekunywa. Sitavro alitutazama mmoja mmoja, halafu akaenda kukaa mlangoni mwa njia, akatugeuzia mgongo.

Nilimvuta Mugisho nyuma ya jiwe. Nilichosema nakikumbuka neno kwa neno. "Bameshamununua. Anataka kutumaliza."

Mugisho alimwaga kibuyu kwenye majani. Mbuzi wetu mmoja akaja akalamba. Nilimwangalia mbuzi yule mpaka jua likazama, na hakupata hata kikohozi. Nikajiambia: ni ya polepole.

Asubuhi wanaume walianza kushuka upande wa pili. Mmoja alikwenda kutafuta chumvi. Mmoja mguu ulikuwa unamuuma. Mugisho hakutoa hata sababu. Alinishika mkono, tukaenda. Sitavro alibaki na watu wanne.

Kabla ya saa sita tulisikia bunduki.

Hazikulia muda mrefu.

Maiti ya Sitavro waliilaza darajani siku mbili ili tuione. Kama alikuwa mtu wao, kwa nini walimuua? Nilikuwa na jibu: wasaliti huuawa kazi ikiisha. Shaka haikosi jibu kamwe, ndiyo ubaya wake.

Miaka ikapita, nami nikafika London. Wakati wa mahojiano ya ukimbizi nilimshuku hata mkalimani, kwa sababu Kiswahili chake kilikuwa cha upande wa mtoni, walikoingilia watu wa makaratasi. Nilipata makaratasi yangu mwenyewe, nikapata kazi ya kufagia ofisi Stratford na chumba Barking, nikazaa binti, Neema. Siku moja kanisani nilimwona Bernadeta kwenye benchi la mbele. Alikuwa amezeeka haraka. Alinikumbatia akalia. Mimi nilihesabu milango.

Nilimkwepa miaka minne. Kwenye sherehe za kanisa nilikuja na chupa yangu ya chai, na watu wakanitania kwamba nimejikaribisha mwenyewe. Nilicheka nao. Mke wa mtu tuliyemwacha afe anaweza kuwa na sababu nzuri ya kunitilia kitu kikombeni.

Kila mwaka Bernadeta alikuwa anafanya sala ya kumkumbuka mama mkwe wake. Mwaka ule alikuja mwenyewe mlangoni kwangu. "Alikuwa shangazi yako," alisema. "Kama haukuja weye, atakuja nani?" Nikaenda na Neema.

Watu walipoondoka baada ya sala, alituwekea chai sisi watatu. Yangu sikuigusa. "Mum, it's just tea," Neema aliniambia, ameshamaliza yake. Nilimkanyaga mguu chini ya meza.

Bernadeta alikuwa anasimulia habari za ng'ambo ya ziwa. "Mama alikufa alfajiri," alisema. "Nilituma mutu, akavuka na mutumbwi, akachukua pikipiki. Alimukuta Sitavro kule ku daraja, akamwambia."

"Siku gani?" niliuliza.

"Ile siku ya mazungumzo. Kesho yake bakamuua."

Nikakikumbuka kibuyu. Kwetu aliyefiwa na mama haweki pombe mdomoni mpaka udongo umfunike mama huyo. Na ndugu wote hushuka wakakae kilioni, hakuna anayebaki. Shangazi alikuwa shangazi wa nusu ya wanaume wale. Kama Sitavro angetuambia, tungeshuka sote na mgongo ungebaki mtupu. Angerudi mikono mitupu tungemuuliza kulikoni. Kwa hiyo alibeba bidoni na msiba wake akatupandia, akameza vyote, ila pombe hakuweza. Alificha kifo cha mama yake ili tusishuke. Tukashuka.

"Miaka yote hii minatafuta jambo moja," Bernadeta alisema. "Nani alisema mume wangu aliuza batu? Nikijua, nitapumzika."

Mugisho alikuwa amefia katika kambi ya wakimbizi. Hakuna mtu mwingine duniani aliyesikia yale maneno nyuma ya jiwe. Ningeweza kuaga, nikachukua koti, nikapanda basi na mtoto wangu.

"Ni miye," nilisema. "Kibuyu hakuonja. Nikamwambia Mugisho bamemununua."

Neema aliniangalia. Kiswahili anakielewa chote, hata kama hajibu kwacho.

Bernadeta hakupiga kelele. Vidole vyake vilikunja kona ya kitambaa cha meza na kuikunjua. Nilijua ninastahili lolote atakalolisema, na nilitaka aliseme. Bonde lile lina seng'enge hadi leo, ng'ombe wanalala juu ya mama yangu, na mtu aliyelipigania kuliko sote hakuwa na haki ya hata hatua moja ya udongo wake. Hayo yote nayabeba mimi, na wenzangu waliotafuta chumvi.

Mwishowe alinyoosha mkono, akavuta kikombe changu. Akanywa funda moja, polepole, akinitazama. Kisha akakirudisha mbele yangu.

Chai ilikuwa imeshapoa. Niliinywa yote.