Matofali Yangu ya Utafiti

Jamani, utafiti wangu unakanyagwa.

Mwezi mzima nimemwagilia matofali tisa ya majivu ya pumba za mpunga, nyuma ya nyumba niliyopanga hapa Kagongwa. Leo ilikuwa niyapeleke chuoni, mashine iyavunje tujue nguvu yake.

Nimekuta patupu.

“Mama Kulwa, matofali yangu yako wapi?”

Mama mwenye nyumba akanionyesha ngazi mpya ya choo. Simenti imeshashika.

“Mama yangu aliteleza pale juzi, mwanangu. Nikadhani umeyaacha tu.”

Nilitaka kulia. Bibi mwenyewe akaja na fimbo yake, akapanda taratibu.

“Wabeja, mjukuu wangu. Asante. Hayatikisiki.”

Nikamjibu karibu, bibi.

Sasa nimejilaza kitandani na viatu vyangu miguuni. Msimamizi wangu nimwambieje?