Maiki Ilipopona Nikajisifu

Mimi ni afisa ugani hapa Bariadi. Juzi kwenye kikao cha mtandaoni cha wilaya zote za mkoa, zamu yangu ya kueleza wadudu wa pamba ilipofika, nikaongea weee, hakuna aliyenisikia. Nikazima hedifoni zangu zisizo na waya, nikawasha, wapi! Kumbe kompyuta ilikuwa inatumia maiki yake, ambayo ilishakufa. Nikachagua ya hedifoni, taa ya maiki ikawaka.

Nikapiga vigelegele, nikamgeukia Gindu, mwenzangu wa ofisini: “Nimeweza! Bosi angehangaika hadi jioni. Yule hata funza wa vitumba hamjui!”

Gindu akashika mdomo. Bosi akasikika masikioni mwangu: “Mama Neema, sasa tunakusikia vizuri sana. Haya, nifundishe.”

Nikamfundisha, wilaya zote zikisikiliza.