Ukungu Ulionenepa

Fundi mkuu wa maabara huinua kifuniko cha sahani ya kioo upande mmoja tu, huku akibana pumzi, kisha huuhamishia ukungu wake kwenye chakula kipya. Hufanya hivyo kila wiki na hamwachii mtu. Ukungu huo hutoa dawa ya kuua vijidudu, na kiwanda kizima kinaishi kwa dawa hiyo. Wenzake walipomwomba agandishe sehemu ya mbegu ya kwanza, yaani ukungu wa mwanzo, iwe akiba, aliwacheka kwa sauti inayofika hadi kwenye matangi: “Mtoto anakula, ananawiri, mnataka kumtia kwenye barafu?”

Jana dada wa kitengo cha vinasaba alimletea majibu ya vipimo. “Mzee wangu, ukungu umenenepa kweli, ila jeni za dawa zimepotea. Umeulisha kwa raha mno hadi nao ukaacha kazi. Nipe ile mbegu ya zamani tuanze upya.”

Fundi alilitazama jokofu bila kulifungua.

“Sikuweka, mwanangu,” alisema, na safari hii sauti yake haikuvuka hata meza.