Kinyozi Alivyoshika Zamu ya Maombi

"Mimi maombi ya asubuhi sijakosa hata siku moja kwa miaka kumi na tisa," dobi aliwahi kutamba mbele ya kanisa zima, Jumapili ya ushuhuda, kipaza sauti kakishika kama mpini wa pasi. "Siku Mungu akichelewa kuamka, atanikuta mlangoni." Mchungaji alikohoa. Mke wa dobi, benchi la tatu, aliinamisha kichwa akatafuta kwenye pochi kitu ambacho hakikuwamo.

Ila uongo hakusema. Kila siku saa kumi na moja alfajiri alikuwa ameshawasha mkaa wa pasi, na akiiweka tu juu ya shati la kwanza anaanza kuomba, kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. Nyumba waliyopanga ilikuwa na vyumba sita na hakuna hata kimoja kilichowekwa dari, kwa hiyo maombi yaliruka kuta kama paka. Wapangaji waliacha zamani kulalamika, wakayageuza ratiba. Dobi akifika kwenye kuwaombea wajane, mwalimu wa chumba cha pili anaingia bafuni. Akifika kwenye wafungwa, kinyozi wa chumba cha mwisho anabandika chai. Akisema amina, aliyebaki kitandani ajue kazi hana.

Kisha mke wake akaugua. Tumbo lilivimba upande mmoja, akalazwa. Daktari akasema kuna uvimbe, utatolewa Alhamisi ya wiki inayofuata, na kama umeshika mahali pabaya wataona hukohuko ndani. Dobi akarudi nyumbani na viatu vya mkewe kwenye mfuko wa nailoni. Kesho yake akawasha mkaa, akaweka pasi juu ya shati, akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Siku ya pili vilevile. Nyumba nzima ikalala mpaka jua likaingia. Mwalimu alifika shuleni akakuta wanafunzi wamejifundisha wenyewe kipindi kizima, tena wametulia kuliko siku zote, jambo lililomuudhi zaidi.

Jumamosi jioni ujumbe ukamwendea dobi, yaani mwalimu na kinyozi, wamevaa mashati aliyowapigia pasi mwenyewe. Walimpa pole ya mgonjwa, halafu mwalimu akaeleza shida ya wapangaji kwa vifungu. Dobi aliwasikiliza huku akinyoosha mkono wa shati.

"Jamani, nikifungua mdomo nitagombana na Mungu," alisema.

"Gombana, kaka," kinyozi alimwambia. "Sisi tunachoomba ni sauti tu."

Dobi akatikisa kichwa. Hakuwaambia kilichokuwa kinamzuia: miaka yote ile aliwaombea watu asiowajua, maneno yakimiminika yenyewe, na sasa wa kwake yuko kitandani, anaogopa hata kumtaja, asije akajibiwa hapana.

Basi wakagawana zamu, na kituo kikawa nje ya mlango wa dobi, maana ndipo sauti ilipozoea kutokea. Mwalimu alianza Jumatatu. Aliomba kama anaita mahudhurio: akataja vyumba kimoja kimoja, akingoja mtu aitike, na wa chumba cha tano asipoitika, akamwomba Mungu amwekee alama. Jumanne akarudia yaleyale kwa faida ya waliochelewa. Jumatano hakuna aliyeamka, akiwemo yeye.

Alhamisi ikawa zamu ya kinyozi, ambaye kanisani alionekana kwenye harusi za wateja tu. Alisimama mlangoni na taulo begani. Ndani, dobi alishavaa tayari kwenda hospitali, lakini pasi iko mkononi, maana mikono ilikataa kukaa bure.

"Shikamoo, Bwana," kinyozi alianza. "Karibu, kaa hapo. Habari za huko? Huku si nzuri sana. Shemeji yangu wa chumba cha nne anapasuliwa leo saa tatu. Mimi nashika wembe mwaka wa kumi na moja huu, najua mkono ukicheza kidogo kinachotokea. Kuna mteja mpaka leo hanisalimii. Sasa huyo daktari mshike mkono. Usimbane sana, na yeye afanye kazi. Mume yuko humu ndani, hasemi, lakini unamjua, ndiye yule wa kelele. Usidhani amekususa. Anaogopa tu."

Hapo akakwama. Hakujua maombi yanafungwaje, na kwa mazoea ya kazi akauliza, "Nipunguze na nyuma?"

"Amina," dobi alisema kutoka ndani. Ilitoka kubwa kuliko zote za miaka kumi na tisa, ikamtoa mwalimu kitandani akiuliza wajane wamepita saa ngapi. Kola ya shati iliungua chini ya pasi, dobi hakuitazama. Alikuwa analia.

Alikaa kwenye benchi la hospitali mpaka saa saba mchana. Uvimbe ulitoka mzima, haukuwa umeshika popote. Mkewe alipopata nguvu ya kusema, aliuliza kwanza nani anawaamsha watu nyumbani. Dobi akamwambia ni kinyozi, akamsimulia maombi yote mpaka pale pa kupunguza nyuma, na mkewe akamsihi anyamaze maana akicheka nyuzi zinavuta. Kesho yake asubuhi muuguzi akasema mgonjwa anaweza kuanza kunywa kitu chepesi. Dobi akatoka mbio hadi getini. Alinunua pale kikombe cha uji, shilingi mia saba, akarudi nacho wodini akishukuru kwa sauti ileile ya alfajiri.